Chupa ya buluu ya Daktari Dettweiler

Kijana wa bodaboda aliingia kliniki amekumbatia helmeti kama mtu aliyebeba mayai. Akarudishia mlango, akachungulia kulia na kushoto, kisha akatoa ndani ya helmeti kifurushi cha gazeti. Ndani ya gazeti mlikuwa na kile kikopo cha plastiki nilichompa jana yake.

"Dokta, nimepita nacho stendi nzima. Hakuna aliyekiona."

Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maji meupe, povu kidogo juu, basi.

"Mdogo wangu, haya ni mate. Mimi nataka kile kinachotoka chini kabisa, kwenye mapafu. Kesho ukiamka sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, halafu kohoa kutoka huku," nikamwonyesha kwa kujigusa juu ya kitovu. "Na utoke nje ukafanye hivyo, usifanyie chumbani."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa arudie darasa. "Kwa hiyo nitembee nacho tena?"

Mimi ni daktari wa kifua. Kwenye cheti kuna jina refu zaidi, lakini mtaani naitwa dokta wa TB, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaomba watu wazima wanipe kitu walichofundishwa tangu utotoni kukificha. Sijawahi kuulizwa na mgonjwa kimelea kina umbo gani. Wanachouliza ni jinsi ya kupita na kikopo mbele ya majirani. Nilipokuwa mgeni kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa tunagawa vikopo pale pale foleni, mbele ya kila mtu, na kuelekeza kwa sauti ya kuuza samaki. Halafu tunashangaa kwa nini nusu ya watu hawarudi.

Ndiyo maana nina mapenzi ya pekee na Mjerumani mmoja aliyefariki mwaka 1904, ambaye vitabu vyetu vya chuo humpa nusu mstari, na vingine havimpi hata huo. Jina lake Peter Dettweiler. Kila mwanafunzi wa udaktari anamjua Robert Koch, aliyegundua kimelea cha TB. Dettweiler hakugundua kimelea wala dawa. Alipanga siku ya mgonjwa saa kwa saa, akabuni kichupa cha mfukoni, na akasimama mbele ya wenzake kwenye mikutano yao hadi mambo hayo mawili yakakubalika kuwa kazi ya daktari. Sababu alizozitoa, nyingi zimeanguka tangu wakati ule. Kazi yenyewe naifanya mpaka leo.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1837 Wintersheim, kijiji cha wakulima wa mizabibu magharibi ya mto Rhein. Akasomea udaktari, akaugua kifua. Wajerumani wa enzi hizo waliuita ugonjwa huu Schwindsucht, neno lenye maana ya maradhi ya kuyeyuka, kwa jinsi mtu alivyokuwa akipungua huku watu wakimtazama. Sisi tunauita kifua kikuu, utadhani ni sifa. Koch mwenyewe, alipotangaza ugunduzi wake mwaka 1882, alianza kwa kuwakumbusha wasikilizaji kwamba katika kila watu saba wanaokufa, mmoja huuawa na ugonjwa huu. Daktari kijana aliyejisikia homa za jioni na kuona damu kwenye leso hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Kulikuwa na mahali pamoja pa kwenda. Mwaka 1853 mtu mmoja aitwaye Hermann Brehmer alikuwa ameandika katika tasnifu yake mjini Berlin kwamba kifua kikuu kikiwahiwa kinatibika, jambo ambalo wakubwa wa fani waliliona kama utoto. Akaenda Görbersdorf, kijiji cha milimani huko Silesia, ambacho leo kiko Poland na kinaitwa Sokołowsko, akafungua hospitali ya kwanza ya aina yake kwa wagonjwa wa mapafu. Nadharia yake ilikuwa hii: mgonjwa wa kifua ana moyo mdogo kuliko mapafu yake, damu haisukumwi vya kutosha, ndiyo sababu mapafu yanaoza. Dawa ni kumpeleka juu, ambako hewa ni nyepesi, moyo upige kwa nguvu zaidi, halafu apandishwe vilima kwa miguu, amwagiwe maji baridi, alishwe vizuri, na apewe divai na konyaki.

Nisomapo maelezo hayo huwa nawaza kuhusu mgonjwa. Homa nyuzi 38 na nusu, mapigo ya moyo 110 akiwa amekaa tu, halafu anaelekezwa njia ya mlimani. Dettweiler alikuwa mmoja wao. Alifika Görbersdorf kama mgonjwa, akapata nafuu, akabaki kama msaidizi wa Brehmer. Nadhani ndipo ilipoanza tofauti yao. Brehmer aliuangalia ugonjwa akiwa nje ya shuka. Dettweiler alikuwa amelala ndani yake.

Mwaka 1876, kwa fedha za watu wenye uwezo wa Frankfurt, alifungua hospitali yake mwenyewe Falkenstein, kwenye milima ya Taunus, mwendo mfupi tu kutoka jijini. Tazama alichofanya hapo. Mahali penyewe pako mita mia nne hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Lushoto au Mbeya hiyo ni bondeni. Hakuwa anatafuta hewa nyepesi. Nadharia ya moyo mdogo aliiacha Silesia. Alitaka nyumba inayotazama kusini, iliyokingwa upepo, yenye daktari anayelala humo humo na kula meza moja na wagonjwa. Alisema wazi kwamba hakuna hali ya hewa maalumu inayoponya kifua. Mgonjwa anaweza kutibiwa katika hewa ileile atakayorudi kuishi.

Sentensi hiyo inaonekana ndogo, lakini ilikuwa na fedha ndani yake. Maana kama tiba iko Davos huko Uswisi, au pwani ya Italia, au Misri, ambako matajiri wa Ulaya walikuwa wakipelekwa, basi fundi cherehani wa Frankfurt hana chake. Kama tiba ni nyumba, ratiba na daktari, hiyo inaweza kujengwa popote, hata kwa ajili ya fundi cherehani. Nitairudia baadaye.

Sasa kile kiti. Veranda ndefu upande wa jua, na juu yake safu ya viti vya kujinyoosha vyenye mito, miguu juu, mgongo umeegemea. Mgonjwa anajilaza humo, anafunikwa blanketi hadi kidevuni, wakati wa baridi anavishwa na manyoya, na anakaa nje. Asubuhi, mchana, jioni, kwa saa nyingi, mvua inanyesha au theluji inaanguka. Wajerumani waliita Liegekur, tiba ya kujilaza. Badala ya kupanda mlima, mgonjwa aliambiwa asifanye lolote, na afanye hivyo kwa nidhamu. Kipimajoto mara kadhaa kwa siku. Chakula mara tano au sita, na maziwa tele. Matembezi mafupi kwenye njia tambarare, yaliyopimwa na daktari kama dozi, akiongezewa kidogo kidogo homa inaposhuka. Asikimbie, asicheke kwa nguvu, asiongee sana, na hata kikohozi akizuie pale kisipoleta kitu, kwa sababu kukohoa bure kunachosha pafu.

Hilo la kikohozi niliwahi kulidharau hadi nilipomwona nesi mmoja mzee akilifundisha wodini. Kikohozi kinapomkaba mgonjwa, anamwambia, "Meza mate kwanza, baba, vuta hewa puani, subiri." Mara nyingi kinatulia. Kile kinachokataa kutulia ndicho chenye kohozi. Nesi huyo hajasikia habari za Falkenstein maishani mwake.

Dettweiler aliita mahali pake hospitali iliyofungwa. Msinielewe vibaya, milango haikuwa na kufuli. Alimaanisha kwamba siku nzima ya mgonjwa iko chini ya jicho la daktari, tofauti na miji ya mapumziko ambako mgonjwa alimwona daktari kwa robo saa kisha akaenda kucheza karata hadi usiku wa manane. Aliamini kazi kubwa ya daktari wa kifua ni kufundisha. Mgonjwa akiondoka Falkenstein awe anajua kuishi na mapafu yake.

Je, walipona? Mwaka 1886 alichapisha taarifa ya wagonjwa 72 ambao, kwa maneno yake, walikuwa wamepona kabisa tangu miaka 3 hadi 9. Naiheshimu taarifa hiyo, na siiamini. Naiheshimu kwa sababu aliwafuatilia watu waliokwisha kuondoka, baadhi yao kwa karibu muongo mzima, bila simu, bila daftari la taifa la wagonjwa. Mimi nina simu na mhudumu wa ngazi ya jamii mwenye baiskeli, na bado wapo wanaonipotea ndani ya miezi miwili. Siiamini kwa sababu hakuna kundi la kulinganisha. Tunajua leo, kwa kukusanya rekodi za kabla ya dawa, kwamba mtu ambaye makohozi yake yanaonyesha vimelea kwenye darubini na asitibiwe, katika miaka kumi takriban watu 70 kati ya 100 kama yeye watakuwa wamekufa. Maana yake karibu 30 watakuwa hai bila veranda wala maziwa. Mwenye hela za kulipia Falkenstein, aliyekula vizuri tangu utoto na hajalala watu wanane chumba kimoja, ana nafasi nzuri zaidi ya kuwa miongoni mwa hao 30. Watu 72 wazima wanapatikana hapo bila muujiza wowote. Wenzake wengi hawakuuliza swali hilo, maana desturi ya kulinganisha makundi mawili ilikuwa bado haijaenea.

Halafu ikaja tarehe 24 Machi 1882. Koch akasimama mbele ya wanafisiolojia wa Berlin akaonyesha kimelea. Kwa mwenye hospitali ya kifua hiyo ilikuwa habari ngumu. Kama ugonjwa unaambukiza, basi amewakusanya wenye maambukizi nyumba moja, mezani pamoja, juu ya kijiji cha watu wenye afya. Wanakijiji wa sehemu nyingi walianza kuziogopa nyumba za namna hiyo. Jibu la Falkenstein lilikuwa kuhesabu: msaidizi wa Dettweiler alipekua rekodi za vifo vya kijiji chenyewe, akaonyesha kwamba vifo vya kifua vilikuwa vimepungua tangu hospitali ifunguliwe. Maelezo yao yalikuwa kwamba wanakijiji wameiga usafi wa wagonjwa, hasa mambo ya kutema.

Na hapa ndipo ninapompenda. Mwaka 1888 daktari mwingine, Georg Cornet, alifanya jambo ambalo hata leo lingemfanya mtu aonekane kichaa. Alipita kwenye wodi, hoteli na nyumba za watu akifuta vumbi la kuta kwa sponji, kisha akawachoma sindano ya vumbi hilo wanyama wadogo wa maabara. Pale wagonjwa walipotema sakafuni au kwenye leso, vumbi liliambukiza. Pale walipotumia vikopo, vumbi kwa kawaida lilikuwa salama. Hitimisho likawa rahisi: adui ni kohozi lililokauka. Basi kohozi ndilo la kudhibitiwa. Lakini mgonjwa ambaye yuko njiani, kwenye treni, kanisani, afanye nini? Leso ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hukaukia mfukoni kisha hukunjuliwa usoni.

Mwaka uliofuata, 1889, kwenye Kongamano la Magonjwa ya Ndani mjini Wiesbaden, Dettweiler alipanda jukwaani akatoa mfukoni chupa.

Ilikuwa ndogo, bapa, ya kioo cha buluu iliyokolea, yenye kutosha kiganjani. Juu ina kifuniko cha chuma chenye springi: unabonyeza kwa kidole gumba, kinafunguka, unatema, unaachia, kinajifunga chenyewe. Ndani ya shingo kuna kifaneli kinachoshuka chini, ili hata chupa ikilala mfukoni isimwage. Na chini, hapa ndipo utajua aliyebuni alikuwa amewahi kuosha kitu kama hicho, kuna kizibo cha pili cha kuzungusha, ili maji yaingie huku yatokee kule. Jina lake rasmi lilikuwa chupa ya mfukoni kwa wanaokohoa. Wagonjwa hawakuhangaika na jina hilo. Wakaiita Blauer Heinrich, Heinrich wa Buluu, kama vile unavyompa jina la utani rafiki unayetembea naye kila mahali na usingependa kumtambulisha.

Kwa nini buluu? Sina haja ya kusoma mahali popote kulijibu hilo. Kikopo changu cha plastiki kinaonyesha kila kitu, ndiyo maana kijana wa bodaboda alikitia kwenye gazeti na gazeti kwenye helmeti. Ubaya ni kwamba chupa ilipozoeleka, rangi yenyewe ikawa tangazo. Ukimwona mtu kwenye treni anatoa kitu cha buluu mfukoni, unahama behewa. Nimeona mzunguko huohuo kwa macho yangu na barakoa: tuliwapa wagonjwa wa TB wajikinge na wawakinge wengine, na kwa miaka mingi aliyevaa barakoa kwenye daladala alikaa siti mbili peke yake, hadi korona ilipokuja ikawavisha watu wote.

Tunarudi kwenye jukwaa la Wiesbaden, kwa sababu bila jukwaa lile chupa ingebaki kabatini Falkenstein. Kongamano hilo lilikuwa changa, lilianza 1882, na lilikutana upande wa pili wa milima ileile ya Taunus. Huko ndiko maprofesa wa vyuo vikuu wa Ujerumani walikoamua nini ni tiba na nini ni ushirikina. Dettweiler hakuwa profesa. Alikuwa mwenye hospitali binafsi ya matajiri, na mtu wa namna hiyo akisema tiba yake inafaa, kila mtu anajua anachouza. Mwaka 1887 walimpa nafasi ya kutoa ripoti kuu juu ya tiba ya kifua, pamoja na Profesa Penzoldt wa Erlangen. Miaka miwili baadaye akaja na chupa. Mtu asiyewahi kukaa kwenye vyama vya madaktari hajui uzito wa jambo hili. Ripoti kuu ikishatolewa, daktari wa wilaya anayemwagiza mgonjwa ajilaze na atunze makohozi yake haonekani tena kuwa mvivu asiye na dawa. Anafuata msimamo wa chama.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Kuna chai, kuna anayesinzia mstari wa tatu, kuna mzee anayesimama kila mara kusema jambo hilo walilijadili miaka iliyopita. Halafu mwisho wa siku ya pili mstari mmoja unabadilishwa kwenye mwongozo, na mwaka unaofuata maelfu ya watu wanatibiwa kwa namna nyingine. Hakuna picha nzuri ya kupiga hapo.

Ile sentensi ya hewa niliyosema nitairudia ilizaa matunda miaka ya 1890. Mwaka 1892, palepale Falkenstein, chama kimoja cha hisani cha Frankfurt, kwa kusukumwa na Dettweiler, kilifungua nyumba ndogo ya muda kwa wagonjwa wa kifua wasio na uwezo. Mwaka 1895 ikahamia kwenye jengo la kudumu Ruppertshain, si mbali na hapo. Kipindi hichohicho Ujerumani ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingine hazikuwa nacho: bima zilizoanzishwa na Chansela Bismarck. Bima ya ugonjwa ilikuja 1883, na sheria ya bima ya ulemavu na uzee ikapitishwa 1889. Mashirika ya bima yalipoanza kulipa pensheni yaligundua kwamba vijana wengi wanaoacha kazi kwa maradhi wanaachishwa na kifua. Sheria iliwaruhusu kumlipia mtu matibabu ikiwa yatamwepusha na kuwa mtu wa pensheni. Hesabu ikawa ya duka: miezi mitatu ya veranda na maziwa, au pensheni ya miaka.

Mwaka 1895 ikaundwa Kamati Kuu mjini Berlin ya kujenga hospitali za wagonjwa wa mapafu, Chansela wa dola akiwa mwenyekiti na Malkia akiwa mlezi. Kamati hiyo bado ipo, kwa jina lililobadilika, na hadi leo ndiyo inayotoa ushauri wa TB Ujerumani. Mei 1899 kongamano kubwa juu ya kifua kikuu kama ugonjwa wa umma likafanyika ndani ya jengo la Bunge. Fikiria hilo: makohozi yanajadiliwa bungeni. Kufikia vita vya 1914 hospitali za namna hiyo kwa watu wa kawaida zilikuwa zimepita mia moja nchini humo. Ernst Meissen, aliyekuwa msaidizi wa Dettweiler, aliongoza ya kwake Hohenhonnef. Mwingine, S. Adolphus Knopf, alirudi New York akahubiri Falkenstein huko hadi akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha taifa cha kupambana na TB Marekani mwaka 1904.

Dettweiler alikuwa ameshaacha uongozi wa hospitali yake tangu 1895. Alifariki Kronberg, mji wa jirani, tarehe 12 Januari 1904, akiwa na miaka 66. Kwa mtu aliyeugua kifua ujanani kabla ya dawa yoyote, hiyo ni miaka mingi. Yeye mwenyewe angeweza kuwa mgonjwa wa 73 kwenye ile taarifa.

Yaliyobaki ni hadithi ya sababu kuanguka moja baada ya nyingine. Carl Flügge alionyesha mwaka 1897 kwamba mtu akikohoa anarusha vitone hewani, na havisubiri kukauka sakafuni. Miaka ya 1950 Richard Riley na wenzake huko Baltimore walichukua hewa ya wodi ya TB wakaipeleka kwa bomba hadi kwenye vizimba vya wanyama walewale aliowatumia Cornet, na wanyama wakaambukizwa kwa hewa tupu. Kwa hiyo kohozi kwenye chupa halikuwa njia kuu ya maambukizi kama Dettweiler alivyofikiri. Hatari ilikuwa kikohozi chenyewe, kabla ya kutema.

Lakini angalia alikokuwa amewaweka watu wake wakikohoa: nje, kwenye veranda, hewa ikipita. Aliwatoa nje ili wapone. Mimi kila asubuhi nafungua madirisha yote ya chumba cha wagonjwa, napanga benchi la kusubiri chini ya mwembe, namwambia kijana akakohoe uani, na sababu yangu ni kumlinda nesi na mama mwenye mtoto aliyekaa karibu. Kitendo kilekile, kwa ajili ya mtu mwingine kabisa.

Kuhusu kiti, hukumu ilitoka Madras, India, mwaka 1959. Wagonjwa 193 waligawanywa kwa kura: nusu walazwe sanatoriamu, yaani hospitali ya aina ya Falkenstein, walale, wale vizuri, nusu wabaki kwenye vyumba vyao vya kubanana, chakula haba, kazi kama kawaida. Wote walipewa dawa zilezile. Matokeo yalikaribiana, na waliokaa nyumbani hawakuambukiza familia zao zaidi ya wale waliolazwa. Veranda zikafungwa dunia nzima. Miaka ya 1970 majaribio yaliyofanyika katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakaonyesha kwamba tiba inaweza kufupishwa hadi miezi sita. Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iliyoanza 1926 kama sanatoriamu katika fikra zilezile za hewa safi, ndiyo iliyoanza kutibu TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, nchini Tanzania mwaka 2009, kwa vidonge na sindano.

Hata hivyo dawa zina tabia moja: lazima zimezwe kila siku, miezi sita, hata siku unayojisikia mzima. Na mtu wa kumsimamia mgonjwa amalize, kumfundisha, kumpima uzito, kumuuliza amekula nini, kumfuata asipokuja, huyo hajapatikana kwenye chupa ya vidonge. Tunamwita msimamizi wa dawa, tunamteua kwenye familia, mara nyingi ni mama au mke.

Jengo la Falkenstein lilibomolewa. Kaiser Wilhelm wa Pili akajenga pale nyumba ya mapumziko kwa maofisa wa jeshi, iliyokamilika 1909, na leo ni hoteli ya kifahari inayotazama maghorofa ya Frankfurt. Kijana wangu wa bodaboda alirudi kesho yake na helmeti, na safari hii kikopo kilikuwa na kitu cha njano kizito, kijiko kizima cha chai. Mashine ikasema ana TB isiyo sugu. Akaanza dawa siku hiyo hiyo, akiuliza kama atahitajika kuleta kikopo tena mwezi wa pili. Nikamwambia ndiyo, na wa tano, na wa sita.

Na chupa za buluu? Zinakusanywa na wapenzi wa vitu vya kale, ambao huzinunua minadani kwa bei nzuri. Nimeziona kwenye picha, zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, vifuniko vimeng'arishwa. Asiyejua angedhani ni za manukato.